Shukrani kwa Wote Mliochangia Matibabu ya Mtoto Wetu

Ndugu, jamaa, majirani, wanakwaya na kamati ya mchango: familia yetu inawashukuru kwa moyo wote. Mtoto ametoka wodini, ananyonya vizuri na anapumua bila oksijeni.

Mlichanga bila kuhoji, nasi tunaona ni haki yenu kujua mlichokitibu. Ni nimonia ya stafilokokasi, bakteria wale wale wanaoleta majipu. Haitokei mara nyingi, lakini kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hukimbia: usaha hujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na eksirei huonyesha vifuko vya hewa. Bakteria hawa wengi huvunja nguvu ya ampisilini, antibiotiki ya kawaida, ndiyo maana mtoto anaweza kuchomwa sindano siku mbili na bado akazidiwa. Hapo madaktari hubadilisha dawa na kutumia kloksasilini, miligramu 50 kwa kila kilo kila baada ya saa 6, pamoja na jentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 6 hupata kloksasilini miligramu 300 kila dozi.

Wahudumu wa maabara, asanteni kwa kuotesha bakteria wa kwenye usaha. Majibu huchukua siku kadhaa na dawa haingoji, ila ndiyo yanayothibitisha kama dawa iliyochaguliwa inafaa.

Wauguzi wa wodi ya watoto, kwenu hatuna neno la kutosha. Mpira wa kifuani, unaotoa usaha na kuupeleka kwenye chupa, unahitaji macho usiku na mchana. Chupa yake ikiinuliwa juu ya kifua, maji hurudi ndani. Mpira ukijikunja, usaha hubaki na homa hurudi. Mliulinda, na maziwa ya mama mkayapitisha kwa mpira wa puani, kwa kuwa mtoto anayehema sana hupaliwa akinyonya.

Waliotoa damu, Mungu awazidishie.

Wanaouliza kwa nini bado anameza dawa: matibabu ni wiki 3 kwa jumla, sindano zikihesabiwa humo. Homa kuisha si ruhusa ya kuacha. Vifuko vya hewa vingi hunywea vyenyewe kwa wiki au miezi, na eksirei ya marudio itaonyesha. Mwenye mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wa chini ya miezi 2, hesabu ni 60.

Fedha zilizobaki tumezikabidhi wodini kwa ajili ya mtoto mwingine asiye na wa kumchangia.