Panya wa majaribio ya asidi asizinduliwe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa mpya za kupunguza asidi ya tumbo ilisema panya "walifungwa tumbo", basi. Niliifanya kazi hiyo nilipokuwa mwanafunzi, na maneno hayo mawili yanaficha mengi.

Panya hunyimwa chakula siku nzima, akabakiziwa maji, juu ya sakafu ya waya ili asile mavi yake. Hupewa nusukaputi, akapasuliwa, na lango la tumbo la kuingilia utumbo mwembamba likafungwa kwa uzi. Akishashonwa, huachwa azinduke. Kwa saa nne hivi asidi hujikusanya bila pa kutokea, ndipo anauawa na majimaji kupimwa. Nawakumbuka walivyojikunyata, migongo imepinda, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Njia hiyo ni ya Harry Shay na wenzake, ya mwaka 1945, na ingali inatumika.

Sisemi wanyama waachwe kabisa. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ilipopewa panya maisha yao yote, uvimbe uliota tumboni, na majaribio kwa watu yakasimamishwa hadi ilipoeleweka kwamba asidi ikipungua muda mrefu, homoni ya gastrini hupanda na kuchochea seli fulani zikue. Jambo kama hilo huwezi kuliona kwenye neli.

Ninachodai ni kwamba panya asizinduke. Tangu 1958 tunayo njia ya Ghosh na Schild: panya amelala fofofo, maji yanapitishwa tumboni mwake, na asidi inapimwa kadiri inavyotoka. Hufa bila kuamka. Kwa panya wa namna hiyo mtafiti wa dawa James Black na wenzake walizipima kemikali zilizowafikisha kwenye simetidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi. Watetezi wa uzi husema dawa ya usingizi nayo hupunguza asidi. Ni kweli, lakini ndiyo maana tumbo huchochewa kwanza kwa histamini, kemikali ya mwilini inayolifanya litoe asidi, kisha dawa mpya ikapimwa dhidi ya mchocheo huo. Tena panya mmoja huonyesha hali ya kabla na ya baada, kwa hiyo wanatosha wachache. Inataka mkono uliozoea na vifaa zaidi, najua.

Mkiandika tena habari hizi, naomba mumuulize mtafiti kama panya alikuwa amelala au yu macho asidi ilipokuwa ikijaa, na jibu lake mlichapishe pamoja na matokeo.

Msomaji wenu