YAH: MALALAMIKO KUHUSU BIMA YA KONTENA LANGU NA KAULI NILIYOPEWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika nikiwa nimetulia. Jumatano niliandika barua nikaichana, Alhamisi nikaandika nyingine, nayo nikaichana, kwa hiyo hii mnayoisoma ni ya tatu, na ndiyo yenye adabu kuliko zote.

Namba ya jalada mnayo, ankara mnazo, na masharti yenu ya kazi mliyaandika wenyewe. Sitawasomea.

Nilinunua majora 400 ya vitambaa vya mapazia kutoka Keqiao, China, kwa dola 38,000, CFR Dar es Salaam, kwa kanuni za biashara ya kimataifa za Incoterms 2020. CFR, Ndugu Meneja, si CIF ambayo muuzaji hukata na bima. Muuzaji analipa nauli ya meli mpaka Dar, bima hakati. Hatari inakuwa yangu tangu mzigo unapowekwa ndani ya meli pale bandari ya Ningbo, ingawa nauli imetoka mfukoni mwake. Wengi hapa Kariakoo hudhani aliyelipa nauli mpaka Dar ndiye anayebeba hasara mpaka Dar. Mimi sidhani hivyo. Naagiza mzigo tangu 2009, enzi zile kanuni bado zikisema hatari inahama mzigo ukivuka ukingo wa meli, kabla toleo la 2010 halijaufuta huo ukingo. Najua hata kwamba wenye kanuni hizi, kule Paris, wanashauri kontena litumie FCA au CPT, ambazo hatari huhama mzigo ukikabidhiwa kwa msafirishaji, kwa sababu kontena linakabidhiwa yadi kabla halijaiona meli. Lakini nani Kariakoo anaandika CPT? Muuzaji ameandika CFR, nikasaini CFR, na sikatai sahihi yangu.

Ndiyo maana nilikuja kwenu, mawakala wangu wa mizigo, mnikatie bima. Kwenye fomu yenu niliandika kwa mkono wangu, na kwenye WhatsApp ya ofisi nikarudia: bima ya masharti A, yale mapana kuliko B na C, kwa thamani ya ankara na asilimia 10 juu yake. Mkanijibu, "Sawa mama." Asilimia 110 ya dola 38,000 ni dola 41,800. Mkanipigia hesabu ya dola 167, nikalipa siku ileile. Cheti cha bima sikuletewa. Nilipokiulizia niliambiwa kipo kwenye jalada, nisiwe na wasiwasi.

Sasa nije kwenye Jumanne.

Kontena lilipofunguliwa bandari kavu, harufu ndiyo iliyotangulia kutoka. Kwenye kona ya paa palikuwa na tundu la kutu la kupitisha vidole viwili, na chini yake majora 131 yameloa, mengine rangi zimehamiana, bluu imeingia kwenye krimu. Mkaguzi alidondosha matone ya nitrati ya fedha juu ya kitambaa, yakageuka meupe kama maziwa. Chumvi. Maji ya bahari hayo, si ya mvua. Nikakata kipande, nikakitia kwenye mfuko, nikaja ofisini kwenu na mtoto wa dada yangu. Nilikuwa na majonzi lakini sikuwa na hofu, maana nilijua nina bima.

Kijana wenu wa kaunta hakukigusa kile kitambaa. Aliutazama mfuko unavyodondosha maji, akasema kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima: "Mama, CFR unaijua maana yake? Hatari ilihama Ningbo. Mzigo umeharibika ukiwa mali yako. Ondoa hayo matambara yako hapa, yananichafulia sakafu."

Matambara. Jora moja la hayo matambara ni dola 95 kabla ya ushuru.

Nikamwambia nimekata bima. Akafungua jalada, akacheka puani, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Masharti C. Gharama ya bima, dola 63.

Ndugu Meneja, nyinyi ndio mnaofanya kazi hii, mimi nauza mapazia. Masharti C yanalipa meli ikiungua, ikipanda mwamba, ikizama, ikigongana, au mzigo ukitoswa baharini kuokoa chombo. Maji ya bahari kuingia ndani ya kontena hayamo. Hayo yanaanzia masharti B. Kitambaa kina adui gani mkubwa kuliko maji? Nilitoa dola 167 za masharti A, mkanunua masharti C kwa dola 63. Dola 104 zimekaa kwa nani? Naandika "zimekaa" kwa sababu neno jingine lililonijia nimeliacha kwenye barua ya Jumatano.

Na huyo kijana alivyolitamka lile neno, "hatari ilihama Ningbo", ungedhani amenifumania. Ilihama, ndiyo! Ilihama ikaja kwangu, nami nikawapa nyinyi fedha mnitafutie wa kunisaidia kuibeba. Sikuja kumdai muuzaji, yeye kamaliza kazi yake. Sikuja kwenu kuulizia meli. Nilikuja kudai kitu nilichokinunua kauntani hapohapo, nikasomewa kanuni ileile iliyonifanya nikinunue.

Hata kabla ya hapo mambo hayakuwa sawa, hasira tu imenirukisha. Kontena lilikuwa limeshushwa muda mrefu kabla ya Jumanne hiyo. Mlishikilia hati ya kutolea mzigo siku sita kwa sababu ya dola 310 mlizoziita "gharama za kushughulikia kontena Ningbo". Kwa CFR gharama za kupakia ni za muuzaji, na alishazilipa. Risiti aliyonitumia ina namba ya kontena langu na tarehe. Niliwatumia risiti hiyo asubuhi, mkaniambia mhasibu hayupo. Kesho yake mhasibu yupo, mtandao haupo. Siku ya sita nikalipa hizo 310 mara ya pili ili niuone mzigo wangu, na wakati huo demareji na storeji, yaani tozo za kuchelewesha kontena na za kulihifadhi, zilikuwa zimefika dola 690. Za kushughulikia kontena upande wa Dar sikubishana nazo, nililipa bila neno, kwa sababu hizo ni zangu. Mwenye kujua chake hapigi kelele juu ya cha mwenzake.

Na lipo hili, ambalo nimeligundua jana usiku nikipekua makaratasi. Ushuru wa forodha kwetu Afrika Mashariki unapigwa juu ya bei ya mzigo, nauli na bima. Kwenye tamko mliloniandalia mmeandika bima dola 167. Kwa hiyo hiyo bima ambayo haipo nimeilipia ushuru, na juu ya ushuru nikalipa VAT.

Narudi Jumanne, maana sikueleza yote. Nilijisitiri.

Kabla hajasema neno matambara, yule kijana alichukua karatasi akanichorea meli. Meli, Ndugu Meneja, yenye bomba na moshi, kama anayochorewa mtoto wa chekechea. Akachora kisanduku upande mmoja, akaandika "Mchina", upande wa pili akachora mwanamke mwenye kilemba, akaandika "Mama". Akaibandika kwenye kioo nione, na walioko nyuma yangu nao wakaiona, wawili wakacheka. Mimi nina miaka 54. Kilemba nilikuwa nacho. Kisha ndipo akasema niondoe matambara yangu, akamwita mama wa usafi. Yule mama alikuja na dekio, akasita. Kijana akamwambia, "Piga hapo, hapo miguuni." Akapiga deki kuzunguka viatu vyangu, ameinamisha uso, akaninong'oneza, "Nisamehe dada, ni kazi." Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenishika mkono tukatoka. Katika ofisi yenu yote, yenye viyoyozi na bango la "Mteja ni Mfalme", mtu pekee aliyeniomba radhi ni yule ambaye hakunikosea.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai dola 310 na neno la samahani. Mngenipa hayo Jumanne ileile, ningekwenda zangu nikajua la kufanya na majora yangu. Sasa nadai hivi.

Dola 310 za Ningbo, zote. Dola 690 za demareji na storeji, kwa sababu siku sita hizo ni zenu. Dola 104 mlizochukua juu ya bima. Na majora 131, kwa dola 95 kila moja, ni dola 12,445. Kwa kuwa niliagiza yakatiwe asilimia 110, ni dola 13,689 na senti 50. Mngefanya nilichowaagiza, fedha hiyo ningekuwa naidai kampuni ya bima. Hamkufanya, basi nawadai nyinyi. Msiniandikie kuhusu "ukarimu wa kibiashara" wala punguzo kwenye kontena lijalo. Kontena lijalo halipo.

Nataka pia barua ya kuomba radhi, ya kuandikwa na kijana mwenyewe, ibandikwe kwenye kioo kilekile alichobandika meli, kwa muda wa wiki moja. Nitakuja kuisoma.

Nawapa siku saba za kazi tangu mtakapogonga mhuri wa kupokea. Siku ya nane, nakala ya barua hii, pamoja na fomu yenye mwandiko wangu, ujumbe wa WhatsApp na risiti ya muuzaji, itakwenda TASAC, wasimamizi wa mawakala wa meli, kwa habari ya uwakala wenu, na TIRA, wasimamizi wa bima, ambao nadhani watapenda kujua mnapokea fedha za bima za watu kwa leseni ipi. Tamko la forodha nalo lina mahali pake pa kwenda. Wakili nimeshaonana naye. Na soko letu ni dogo kuliko mnavyodhani: wauza mapazia, wauza vitenge na wenye vigae tunakunywa chai sehemu moja, na kila anayeagiza kwa CFR atataka kukiona cheti chake cha bima mwenyewe kabla meli haijang'oa nanga.

Kile kipande cha kitambaa nilikiacha kauntani kwenu makusudi, ndani ya mfuko. Msikitupe. Ni kielelezo.

Wenu,
Mteja wenu wa miaka sita,
Duka la mapazia, Kariakoo, Dar es Salaam