Barua kwa Somoe: Kamera za Ulinzi ni Kazi ya Waya

Shangani, Mtwara
14 Septemba 2025

Shoga yangu Somoe,

Assalaam aleykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba magoti ya bibi yameanza kupata nafuu. Sisi huku tu wazima.

Barua yako nimeisoma, na bei aliyokutajia fundi nimeiona, kwa hiyo sishangai kwamba umeamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Unaiweza. Kufunga kamera za waya kunahitaji subira, ngazi imara na mtu mzima wa kuishika ngazi hiyo. Umeniuliza ununue kamera ngapi na za megapikseli ngapi. Nitakujibu, ila nakuomba kwanza tuzungumze lile ambalo hukuliuliza: waya utapita wapi, ni waya wa namna gani, na utaishia chumba gani. Kamera mbovu utaibadilisha kwa dakika chache siku yoyote, lakini waya mbovu uliokwisha kupita juu ya dari na chini ya ua utakulazimu kuifumua kazi nzima.

Shemeji anapendelea zile kamera zisizo na waya kwa sababu zinafungwa upesi. Mwambie kwamba nyingi kati ya hizo bado zinahitaji waya wa umeme, na kwamba mawimbi yakishapita kuta mbili za matofali na bati la ghala hubaki dhaifu, hivyo picha hukatika pale pale unapoihitaji. Mimi ningechukua kamera za mtandao zinazopokea umeme na kutuma picha kwa kebo moja, yaani zile ambazo wauzaji huziita za PoE. Kiwango chake cha kwanza kilitolewa mwaka 2003, nacho kinaruhusu tundu moja la kinasa (kifaa kinachohifadhi picha) au la swichi (kifaa kinachogawa kebo za mtandao) kutoa hadi wati 15.4, kwa volti zisizopungua 44 na zisizozidi 57, kwa umbali wa mita 100. Kamera ya kawaida haimalizi hata nusu ya wati hizo. Kwa hiyo kule kwenye kamera hutahitaji soketi yoyote, na kazi ya volti 230 itabaki sehemu moja tu, pale kinasa kinapokaa. Soketi hiyo usiiguse wewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aifunge na aipime ethi yake, yaani waya unaopeleka umeme ardhini.

Sasa kebo. Boksi la kebo ya mtandao huwa na mita 305, na kwa nyumba yako na ghala litatosha na kusalia. Utakuta dukani maboksi mawili yanayofanana kwa rangi na maandishi, moja likiwa rahisi sana kuliko jingine. Lile rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na pembeni huandikwa herufi CCA. Chukua kisu ukwangue uzi mmoja: shaba halisi inabaki nyekundu hadi ndani, alumini inatoa weupe. Usikubali kushawishiwa katika jambo hili hata kama muuzaji ni jamaa yako. Waya huo wa alumini una ukinzani mkubwa kuliko wa shaba kwa kiasi cha nusu na zaidi, na madhara yake hayaonekani siku ya kufunga. Mchana kamera inafanya kazi vizuri. Usiku taa zake za infraredi, zenye mwanga usioonekana kwa macho, zinapowaka, inahitaji umeme zaidi, umeme unapungua njiani, kamera inazima, inajiwasha upya, taa zinawaka, inazima tena. Mtu atalaumu kamera, ataibadilisha, na tatizo litabaki ukutani. Kwa sehemu zinazopigwa jua tafuta kebo nyeusi ya nje, kwa maana ganda la kebo ya ndani hukauka na kupasuka.

Pitisha waya kabla ya kufunga kamera hata moja. Juu ya dari upite katika bomba la plastiki, kwa sababu panya wa Lindi nawafahamu, na uwe mbali na nyaya za taa kwa sentimita 30 hivi. Ukilazimika kuzivuka, zivuke kwa pembe mraba. Andika namba ileile ncha zote mbili kwa kalamu isiyofutika. Acha mita moja ya ziada kila upande. Pale waya unapoingia kwenye kamera, uache uning'inie kidogo kwa chini kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye upinde badala ya kufuata waya hadi ndani. Kubana vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa kebo, ni kazi ya vidole tu: machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, ukikishika kichwa kikiwa na ulimi wake chini na kuhesabu kutoka kushoto. Ncha zote mbili zifuate mpangilio huo huo. Kisha pima kila waya kwa kipimio kabla hujapanda ngazi. Kipimio cha bei ndogo kinatosha.

Waya wa kwenda ghalani ndio unaonitia wasiwasi. Ghala lipo peke yake, na mvua zetu za kusini, ambazo huanza kati ya Novemba na Desemba, huja na radi. Radi ikipiga karibu, ardhi chini ya nyumba na ardhi chini ya ghala haziwi na volti sawa, na waya wa shaba uliounganisha majengo mawili huwa ndiyo njia ya umeme huo kupita hadi kwenye kinasa. Mafundi wa majengo makubwa huepuka jambo hilo kwa kutumia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Kwako, fukia waya katika bomba la plastiki, na kila mwisho weka kikinga radi cha kebo ya mtandao kilichounganishwa na ethi. Kikinga kisicho na ethi ni pambo tu. Na kwa kuwa ghalani unatunza mifuko ya salfa ya mikorosho, usiweke humo swichi wala kiungio cha waya kilicho wazi. Vumbi la salfa hula shaba, nalo huanza na ncha ndogo za ndani ya vichwa vya kebo ambazo hutaziona mpaka picha zipotee.

Chumvi ya bahari nayo ina lake. Skrubu za kawaida zinazokuja ndani ya boksi la kamera zitashika kutu na kuchora michirizi ukutani, kwa hiyo nunua za chuma kisichoshika kutu. Kiungio cha kamera kifungie ndani ya kiboksi kisichopitisha maji, na tundu la ukutani lizibe kwa silikoni. Kioo cha kamera kitapata utando wa chumvi, na usiku mwanga wa infraredi ukiupiga, picha yote inakuwa kama ukungu. Kioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kisha ukifute kwa kitambaa laini. Ukikisugua kikavu, punje za chumvi zitakikwaruza. Utando wa buibui utauona pia.

Turudi kwenye swali lako. Kamera nane ni nyingi. Nne zitakutosha: geti, mlango wa mbele, mlango wa ghala na ule uchochoro wa nyuma. Za megapikseli nne zinafaa, ila usidhani kwamba wingi wa megapikseli unakuhakikishia sura ya mtu. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi cha mwaka 2014 kilitaka pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ya upana wa picha ili mtu usiyemjua atambulike; kwa kumtambua unayemfahamu, 125 zilitosha. Kamera ya megapikseli nne ina pikseli 2560 kwa upana, maana yake upana wa kumtambua mgeni ni mita kumi tu. Kwa lenzi pana ya milimita 2.8, inayoona nyuzi 100 hivi, upana huo wa mita kumi unafika mita nne tu mbele ya kamera. Mtu akisimama mita kumi na mbili kutoka kwenye kamera utaona kwamba ni mtu, ana kanzu, ana mfuko, lakini hutamtaja jina. Kwa lenzi ya milimita 6, inayoona nyuzi kama 50, utambuzi unasogea hadi mita kumi hivi, ingawa pembeni hutaona kitu. Ndiyo maana kwenye uchochoro na getini ningeweka lenzi ya milimita 6, na mlangoni ile pana.

Kimo nacho kina hesabu yake. Watu hupenda kuzipandisha kamera hadi chini ya paa ili zisiibiwe, na matokeo yake wananasa vilele vya kofia. Ile ya mlangoni iweke mita mbili na nusu, na nyingine ziwe mita tatu. Geti lako limeelekea mashariki, baharini, na saa moja asubuhi jua litaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Hapo nunua kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga, unaoandikwa WDR kwenye boksi, na uinamishe ili isione anga nyingi. Kabla ya kutoboa ukuta, mwombe kijana apande ngazi aishike kamera kwa mkono ikiwa imeunganishwa, nawe uangalie picha mchana na tena usiku. Ukuta mweupe au bati lililo karibu na lenzi litarudisha mwanga usiku na kuitia kiza sehemu nyingine yote.

Kinasa usikiweke sebuleni chini ya runinga, kwani mwizi huchukua runinga na hakiachi kilicho chini yake. Kiweke chumba cha ndani, juu ya kabati, penye hewa. Diski iwe ile iliyotengenezwa kwa kamera, inayoandika mchana kutwa na usiku kucha. Kamera moja ikituma megabiti nne kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Nne hujaza 173, kwa hiyo diski ya terabaiti mbili inatunza siku 11. Ukichagua mfumo wa H.265, unaobana video zaidi, siku hizo huongezeka karibu maradufu. Umeme ukikatika, kamera nne na kinasa havizidi wati 50, hivyo UPS yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 itakuvusha saa moja hivi. Kama kwenu umeme hukatika kwa muda mrefu zaidi, ongeza betri.

Weka saa sahihi ya Afrika Mashariki, kwani vinasa vingi hutoka kiwandani vikiwa na saa ya China. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini mahakama huangalia jinsi ulivyotunzwa, na picha yenye saa isiyo yake itampa wakili wa upande wa pili maneno mengi. Nywila ya kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo. Oktoba 2016 programu ya kihalifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa ambavyo wenyewe hawakubadilisha nywila, ikavitumia kuiangusha kampuni ya mtandao ya Dyn huko Marekani, na tovuti kubwa zikapotea hewani. Ukitazama kwa simu, chagua picha ndogo. Kwa nusu megabiti, saa moja itakula megabaiti 225 za bando lako.

Jambo la majirani nakuachia busara yako, ila kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Vibarua wa korosho waambie kwamba wanarekodiwa na uweke kibao getini. Kama kamera ya uchochoroni inaona ua wa jirani, kinasa kina sehemu ya kulifunika eneo hilo kwa weusi. Lifunike, kisha umwite jirani mwenyewe aone.

Msimu wa korosho unakaribia, na ningependa waya wa ghala uwe umefukiwa kabla gunia la kwanza halijaingia. Nipimie kwa futi kamba umbali kutoka chumba cha ndani hadi kila kona niliyoitaja, ukipanda na kushuka kuta badala ya kukata moja kwa moja hewani, uniandikie. Koleo la kubania vichwa na kipimio changu nitampa shemeji akija Mtwara wiki ijayo, na nitamwekea na vichwa vya kujifunzia. Nisalimie watoto, na bibi umwambie namwombea.

Wako,
Mwanahawa