Barua ya wazi kwa vijana wanaopima udhaifu wa wazee

Wanangu wahudumu wa afya,

Nawasalimu. Dodoso la FRAIL, lile la kupima udhaifu wa wazee, lina maswali matano, na kila moja hutoa alama 0 (hana shida) au 1 (ana shida). Ni jepesi mno, na wepesi huo ndio unaowaponza. Anayelisoma harakaharaka kama anaita mahudhurio hukusanya sifuri nyingi zisizo za kweli.

Kabla ya swali la kwanza, keti mbele ya mzee, uso wako uwe kwenye mwanga. Kama anatumia kifaa cha kusikilizia, hakikisha kimevaliwa. Mwambie mwanawe au mkwewe, kwa adabu, amwache mzee ajibu mwenyewe. Kumbukumbu ikiwa imepungua, hapo ndipo wa nyumbani asaidie.

Uchovu huulizwa kwa wiki 4 zilizopita: akisema amechoka muda wote au muda mwingi, ni alama 1. Uchovu wa mara mojamoja hauhesabiwi.

Swali la ngazi ndilo linalodanganya kuliko yote. Linauliza kama anapata shida kupanda vidato 10 bila kupumzika, bila mkongojo wala mtu wa kumshika. Mzee atakujibu, "Sina taabu," kumbe ana mwaka mzima hajakanyaga ngazi. Basi ongeza: "Mara ya mwisho ulipanda lini? Ulisimama njiani?" Fanya vivyo hivyo kwa swali la kutembea mita mia kadhaa peke yake. Mtu aliyeacha kwenda mbali kwa sababu miguu imemshinda huyo ana shida, hata kama hailalamikii.

Magonjwa yako 11 kwenye orodha: shinikizo la damu, kisukari, saratani (isipokuwa ile ndogo ya ngozi), ugonjwa sugu wa mapafu, shambulio la moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, pumu, yabisi ya viungo, kiharusi na ugonjwa wa figo. Alama hupatikana yakifika 5. Hesabuni magonjwa, si vidonge: aina tatu za dawa za presha bado ni ugonjwa mmoja. Wala msiongeze mtoto wa jicho kwa huruma.

Uzito sasa. Kupungua kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya mwaka ni alama 1. Aliyekuwa na kilo 64 akawa na 60 amepoteza kilo 4. Gawa kwa 64, zidisha kwa 100, unapata 6.25. Gawanya kwa uzito wa zamani, si wa leo. Pasipo rekodi, tazama mkanda: tundu jipya lililotobolewa kwa msumari linasema kitu, ingawa si kipimo. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu, bonyeza kwanza vifundo vya miguu, maana maji mwilini huficha nyama iliyokwisha.

Jumla 0 ni imara, 1 hadi 2 yuko njiani kudhoofika, 3 hadi 5 amedhoofika. Hao wa katikati ndio mnaowapuuza, na ndio wenye nafasi kubwa ya kurudi: mazoezi ya kuongeza nguvu za misuli na chakula chenye protini ya kutosha. Wa 3 na kuendelea wapelekwe kwa uchunguzi kamili, dawa zao zote zikiwa mfukoni zipitiwe upya. Na aliyepungua uzito bila kukusudia apelekwe hata kama jumla yake ni 1. Hapo sibishani na mtu.

Mkiwa na shaka, pimeni mita 4 sakafuni, mzee atembee mwendo wake wa kawaida. Zikizidi sekunde 5, mwendo wake umepungua na anahitaji kuangaliwa zaidi.

Aliyetoka kuugua nimonia juzi msimpime sasa. Alama zake zitakuwa za nimonia. Mngojeni apone.

Ni mimi, mzee wenu katika kazi hii.