Fensi ya kiwanja cha 20 kwa 30: hela inaishia wapi kabla ukuta haujaonekana

Swali linaloingia kuliko yote kwenye simu yetu, sisi wajenzi wa fensi Dar es Salaam, ni hili: "Nina kiwanja Madale, 20 kwa 30, fensi itanigharimu shilingi ngapi?" Anayeuliza anataka jibu moja la haraka, na mafundi wa kumpa wapo. Ndiyo maana ukipita Goba, Kivule au Chanika unakutana na fensi zilizoishia kozi ya nne, yaani mstari wa nne wa tofali, nondo zimechomoza na kutu imeshika, mwenyewe bado anajichanga. Mara nyingi huyu mtu hakukosea bei ya tofali, maana hiyo kila mtu anaijua. Hakuhesabu kilicho chini ya ardhi na kilicho ndani ya nguzo.

Kwa hiyo hapa tutahesabu vitu, si shilingi. Bei ya saruji inapanda na kushuka, na mzigo wa kufikishwa Kigamboni haulingani na wa kufikishwa Kimara. Idadi haina tatizo hilo. Ukiwa na idadi mkononi, bei utaipata hadwea yoyote ya karibu na kiwanja chako ndani ya nusu saa, na hakuna fundi atakayekuongezea mifuko 20 usijue.

Kabla ya tofali, mipaka

Kiwanja ulichouziwa kwa hatua za miguu hakina mita 20 mpaka kipimwe kwa futi kamba. Tumeshapima viwanja vya "20 kwa 20" tukakuta upande mmoja una mita 17. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, tafuta bikoni zote nne, yaani alama za mpaka alizoweka mpimaji kwenye pembe. Ikikosekana hata moja, mlipe mpimaji aje airudishe. Hela hiyo inauma kwa sababu haionekani ukutani, lakini kubomoa mita 30 za ukuta uliosimama kwa jirani kunauma zaidi, na zaidi ya hapo kunavunja ujirani. Siku ya kuweka kamba, waite majirani wote na mjumbe au mtu wa ofisi ya serikali ya mtaa, muandikishiane.

Kama uko kando ya barabara, usijiamini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu, na zipo sehemu, kama Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha, ambako hifadhi ni pana kuliko hapo. Kwa barabara za mitaa, ulizia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Pitia pia manispaa yako kuhusu kibali cha ujenzi, na ada yake uiandike kwenye bajeti kama unavyoandika saruji.

Sasa hesabu yenyewe

Tuchukue kiwanja tambarare cha mita 20 kwa 30. Kukizunguka ni mita 100. Toa mita 4 za geti, zinabaki 96. Tofali ya inchi 6 ina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Ukiweka na nafasi ya kuunganishia, kila tofali inachukua kama sentimita 47, hivyo kozi moja kuzunguka kiwanja ni tofali 204 hivi.

Ukuta wa kozi nane juu ya ardhi, karibu mita 2, ni tofali 1,632. Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari. Lakini chini ya ardhi kuna kozi tatu za msingi, nazo ni tofali 612. Jumla 2,244. Nguzo zitachukua sehemu ya urefu huo na kupunguza idadi kidogo. Sisi hatuipunguzi, kwa sababu zitakazovunjika kwenye lori na za kukatwa pembeni zinafidia humohumo. Na muulize fundi mapema kama tofali za msingi atazisimamisha au atazilaza. Akizilaza, msingi unakuwa mpana na imara zaidi, ila kimo kilekile kinahitaji karibu tofali 300 za ziada. Kwa ardhi ya mchanga kama ya sehemu nyingi za Kigamboni, au ya mfinyanzi kama ya mabondeni, tunashauri kulaza.

Chini ya tofali hizo kuna zege. Mtaro wa upana wa sentimita 45 ukimwagwa zege la unene wa sentimita 15 kwa mita 96 unakula mita za ujazo 6 na nusu. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni mifuko kama 42. Mifuko 42 imezama ardhini na jirani yako bado anakuuliza utaanza lini.

Nguzo tunaziweka kila baada ya mita 3, kwa hiyo 32 na moja ya kufungia mwisho, jumla 33. Kila moja ina nondo nne, jumla vipande 132. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hela nyingi inapotea kimyakimya. Nondo ya dukani ina urefu wa mita 12. Kwa ukuta wa kozi nane juu na tatu chini, kipande cha mita 3 kinatosha pamoja na mguu wa kukunja unaokaa ndani ya zege la msingi. Nondo moja inatoa vipande vinne kamili, unanunua nondo 33 na hakuna kinachobaki. Sasa mwenye nyumba anasema, "Fundi, niongezee kozi moja tu." Kipande sasa kinataka mita 3 na sentimita 25. Nondo moja inatoa vitatu, kinabaki kipande cha mita 2 na kidogo kisichofaa kwa nguzo. Umetoka nondo 33 ukafika 44. Kwa hiyo kozi moja "tu" imekula tofali 204, nondo 11, saruji ya kuijengea na plasta yake pande mbili. Kama unataka ukuta mrefu, jenga mrefu, ni haki yako. Ila uamue kabla nondo hazijakatwa.

Zege la nguzo hizo linakula mifuko mingine kama 32, na kujengea tofali zote, kwa hesabu ya mfuko mmoja kwa tofali 60 hadi 70, ni kama 35. Ukijumlisha na ya msingi, umekaribia mifuko 110 bila kupiga plasta hata futi moja. Kuna mkanda wa juu, yaani zege linalofunga ukuta, kuna ringi za nguzo, waya wa kufungia, mbao za kufungia zege, misumari. Plasta ya pande zote mbili ni karibu mita za mraba 390, na upande wa nje fundi anasimama kwa jirani, kwa hiyo mwombe ruhusa mapema. Wateja wetu wengi hupiga plasta upande wa barabarani kwanza, kwingine baadaye, na hakuna ubaya.

Mteremko unabadilisha kila kitu

Hesabu ya juu ni ya ardhi tambarare. Makongo, Goba, Kimara na Mbezi ya Luis ni vilima. Tuseme kiwanja kilekile kinashuka mita 1 na nusu kutoka mbele hadi nyuma, jambo la kawaida kabisa huko. Ukitaka juu ya ukuta kuwe sawasawa kuzunguka kote, pande mbili ndefu na upande wa chini zitakula zaidi ya tofali 600 za ziada, na ukuta wa nyuma utakuwa na kimo cha mita 3 na nusu. Hapo nguzo, msingi na nondo za mwanzo hazitoshi tena. Ushauri wetu ni kujenga kwa ngazi: msingi unashuka kwa hatua na ukuta unashuka nao. Hauna mstari mmoja ulionyooka juu, lakini unasimama.

Tatizo kubwa zaidi ni kifusi. Mtu anajenga fensi upande wa chini, kisha anajaza udongo ndani ili kiwanja kiwe tambarare. Ukuta wa tofali za inchi 6 umejengwa kuzuia watu, haukujengwa kuzuia udongo. Masika ya Machi hadi Mei udongo ule unanyonya maji, unakuwa mzito, unasukuma. Ukuta unaanza kuinama kuelekea kwa jirani wa chini, na jirani wa chini ana watoto wanaocheza pale. Kama una mpango wa kujaza, sema mwanzoni, upande huo ujengwe kwa mawe au kwa zege lenye nondo, na uachiwe matundu ya kutolea maji. Ni ghali, hatukufichi. Kama bajeti haifiki, acha kiwanja kwenye mteremko wake mpaka itakapofika.

Matundu ya maji yanahitajika hata kwenye ardhi isiyojazwa. Maji ya mvua yana njia yake tangu kabla hujanunua kiwanja, na ukiyazibia yatapita chini ya msingi. Kuweka matundu wakati wa kujenga hakuna gharama ya kusema.

Mchanga, maji na mengine yanayosahaulika

Usikubali mchanga wa bahari hata ukiletewa kwa nusu ya bei. Chumvi inakula nondo ndani ya zege, nguzo inapasuka kwa kutu baada ya miaka michache, na plasta inatoa ukungu mweupe usiofutika kwa rangi. Vivyo hivyo maji ya kisima yenye chumvi, ambayo yako mengi maeneo ya karibu na pwani. Kama bomba la DAWASA halijafika kiwanjani kwako, weka maboza ya maji kwenye bajeti: ya kuchanganyia, na ya kumwagilia zege na tofali angalau siku saba.

Usafiri nao. Kama lori haliwezi kuingia mtaani kwenu, mzigo utashushwa barabarani na kuhamishwa kwa kirikuu au guta, na kila kuhamisha ni hela na tofali zilizovunjika. Tofali zikifika, dondosha moja kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ya kawaida, na nyingine ikwaruze kwa msumari. Ikimeguka kama mkate mkavu, rudisha mzigo kabla hujalipa.

Geti lipewe bajeti yake peke yake, tangu siku ya kwanza. Nguzo zake ni nene kuliko nyingine na zina msingi wake, na geti la kusukuma linahitaji zege la kulaza reli. Ukilinganisha bei za mafundi wa kuchomelea, uliza unene wa bomba na bati, na kama rangi ya kuzuia kutu imo, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Malipo ya ufundi yaandikwe kwa hatua: kuchimba na kumwaga zege, kozi za msingi, nguzo, ukuta, mkanda. Lipa hatua iliyokwisha. Hii inakulinda wewe na inamlinda fundi pia, kwa sababu anajua hela yake ipo akimaliza. Juu ya jumla yote, tenga asilimia 10 hadi 15 usiiguse.

Hela ikiwa haitoshi kumaliza

Wengi wanajenga msingi wote kuzunguka, wanasimamisha nondo, wanasubiri. Sisi hatushauri hivyo, hasa karibu na bahari. Nondo zilizo wazi kwa miaka miwili zinabaki nyembamba mahali pabaya kuliko pote, pale zinapotokea kwenye zege. Ni bora umalize upande mmoja kutoka nguzo ya pembe hadi nguzo ya pembe, na mkanda wake, kisha uhamie mwingine. Anza na upande wenye mgogoro au mteremko. Mbele paache mwisho, kwa sababu malori ya kujengea nyumba yanapita hapo, na geti jipya halivumilii kugongwa na lori la kokoto.

Na kama unachotaka kwa sasa ni kuzuia kiwanja kisivamiwe, huhitaji ukuta kabisa. Nguzo za zege na seng'enge, ukapanda michongoma kando yake, zinatosha kabisa kuonyesha kwamba kiwanja kina mwenyewe, kwa sehemu ndogo ya gharama. Tunazifanya na tunazipenda, kwa sababu mteja analala vizuri bila deni.

Ukituita kupima, kuwa na nakala ya hati au mkataba wa mauziano, na uwe umefyeka majani kwenye pembe. Kwa anayetaka kuanza kuchimba Juni ardhi ikikauka, tunaomba atuite mwezi Mei, wakati mvua bado ipo, ili tuone kwa macho maji yanapoingilia na yanapotokea, na matundu tuyaandike kwenye mchoro kabla ya kutaja idadi yoyote.