Taarifa ya mwaka ya Mwenyekiti kwa wanachama wafugaji wa samaki aina ya mwatiko, Pemba

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Kazi za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Matuta yaliyotobolewa na kaa yamezibwa, lango la maji la bwawa la tatu limewekwa mbao mpya, tumevuna mara mbili, samaki wameuzwa Konde na Wete. Mapato shilingi milioni 4 na laki 3, matumizi milioni 3 na laki 6. Mchanganuo anao mshika fedha, anayeutaka amwone yeye.

Nije kwenye bwawa la kwanza, maana naambiwa barazani hakuna mazungumzo mengine. Ati mwenyekiti kalichukua kwa kuwa linapakana na shamba lake. Bwawa lile lilichimbwa kabla sijapewa uenyekiti, na kamati ndiyo iliyokubali, watano kwa wawili, liwe la kulelea vifaranga. Kumbukumbu anazo katibu.

Mwatiko si perege. Perege huzaana bwawani mpaka wakakukera. Mwatiko hutaga baharini, tena baada ya miaka kama mitano ya kupevuka, kwa hiyo kila kifaranga tunachofuga tumekifuata wenyewe kwenye vidimbwi vya mikokoni, maji ya bamvua yakishakupwa. Na wavu hauchagui. Humo mna mwatiko kama sindano, mna wa urefu wa kidole, na mna wale wala wenzao ambao udogoni huwatambui. Mwaka juzi tuliwamimina wote bwawa kubwa, na tulichokikuta siku ya kuvua nani kakisahau? Samaki wachache wanene, wala si mwatiko! Sasa hukaa kwanza bwawa la kwanza, wakachambuliwa, wakifika kidole ndipo wanahesabiwa na kuhamishwa. Anayesema tumepoteza bwawa zima aje na hesabu yake, nami nitakuja na yangu. Nyavu za kuchambulia, kwa kuwa hakuna atakayelisema, nimenunua kwa fedha yangu na sijadai.

Chakula ndiko tulikokwama. Unga wa dagaa haushikiki, kwani dagaa mkavu wa Zanzibar husafirishwa hadi Kongo, na sisi hatuna fedha ya kushindana na wanunuzi wale. Tunategemea samadi ioteshe ukoga wa kijani chini ya bwawa, ambao mwatiko anaupenda, na pumba na machicha ya nazi kuongezea. Lakini samadi haijibebi. Tulipoitana kuibeba walikuja wanane, saba kati yao akina mama, na chama kina watu 46. Nikiuliza naambiwa karafuu. Udhuru nimeupokea, ila karafuu haichumwi mwaka mzima.

Ada ni elfu 2 kwa mwezi. Waliokamilisha ni 19, deni limepita laki 6, na wenye sauti kubwa kuhusu bwawa la kwanza wengi wao hawamo katika hao 19. Majina sitayasoma, leo.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunatarajia kupata mashine ya kusagia chakula, na kuwafikia wenzetu wa kituo cha kutotoleshea vifaranga Beit-el-Ras huko Unguja tuone watatusaidia vipi. Barua ya kwenda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi imekwishaandikwa, inasubiri nauli ya mpelekaji.

Mshika fedha atakaa mezani na kitabu cha risiti mpaka adhuhuri.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti