Tonge ulilolikwepa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba u mzima na masomo yanakwenda, namshukuru Mungu. Lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba mwenzako wa chumbani, yule wa Ethiopia, alikusogezea tonge mdomoni nawe ukageuza uso, moyo uliniuma.

Najua hukujua. Tonge hilo wao huliita gursha. Mtu hukata kipande cha injera, ule mkate wao mwembamba uliochachushwa, akakikunja na mchuzi, akamlisha kwa mkono wake yule anayempenda au kumheshimu. Alikuwa anakuita ndugu.

Nami yalinipata ujanani. Nikiwa mezani kwa Wajapani, nilichomeka vijiti vyangu katikati ya bakuli la wali ili nipokee maji. Mazungumzo yakakatika. Baadaye mzee mmoja akanieleza kwa upole kuwa wali wenye vijiti vilivyosimama ni ule anaowekewa marehemu. Wala hawapokezani chakula kijiti kwa kijiti, maana hivyo ndivyo wanavyopokezana mifupa ya maiti iliyochomwa. Watu hao hao wakila tambi za moto huzivuta kwa sauti, na hakuna anayekerwa.

Ila nilichotaka hasa kukueleza ni habari ya mahindi. Wenyeji wa Mexico tangu kale huyachemsha katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya baada ya safari za Columbus, desturi ile ya chokaa haikwenda nayo. Kaskazini mwa Italia maskini wakaishi kwa uji mzito wa mahindi, siku nenda siku rudi, na pelagra ikawaingia: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, kisha kifo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawashika na watu wa kusini mwa Marekani. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuichunguza mwaka 1914, alionyesha kuwa chanzo chake ni lishe wala si maambukizi, na mwaka 1937 ndipo ilipojulikana kuwa kinachokosekana ni niasini, vitamini B3. Imo ndani ya mahindi, ila imefungwa. Chokaa ndiyo huifungua. Nikiwaza watu wote waliokufa kwa sababu walichukua nafaka bila kumwuliza mpishi, "Mbona unatia chokaa?", nashikwa na huzuni.

Basi uliza, mwanangu. Mwulize injera inachachushwa siku ngapi hata ikapata ule ukali. Ukiona Jumatano na Ijumaa hagusi nyama, mayai wala maziwa, usimcheke kuwa anachagua chakula. Huenda ni mfungo wa kanisa lao la Orthodox. Na kile ambacho imani yako imekukataza, usile. Shukuru, weka mkono kifuani, useme hapana mara moja tu, wala usikunje uso mbele ya sahani ya mtu.

Jioni ya leo mwombe radhi. Unawe, ukae naye kwenye sinia moja, ukate injera kwa mkono wa kulia, uikunje vizuri, umlishe wewe. Kisha niandikie alisema nini.

Mama yako